Pedi Inawaka Taa, Simu Haiioni

KONA YA DADA FUNDI: Maswali yenu kuhusu simu, redio, TV na vidude vyote vya chaji

Mwezi uliopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba pedi ya PS4, ile mashine ya gemu ya Sony inayochomekwa kwenye TV, inaweza kuchezea gemu za kwenye simu bila kununua kitu kingine. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko makala nzima ya betri niliyoihangaikia wiki mbili. Basi leo kona yote ni pedi. Kwa wasomaji wageni, ninayoisema hapa ni ile ya kushika kwa mikono miwili na kuchezea gemu. Nasisitiza kwa sababu siku moja nilimtuma kijana wa dukani kwangu avuke barabara akaniletee pedi, naye akaingia duka la vipodozi, akarudi kainamisha kichwa na kifuko cheusi mkononi. Sikuirudisha. Vitu hivyo haviozi.

Na kwa wanaouliza dada wa kike pedi kazijulia wapi: kaka yangu alikuwa na banda la PS2 Mbagala, mashine mbili na TV ya kisogo ya inchi 21. Watoto walilipa kwa mechi, wakifungwa wanaipiga pedi chini, na mimi ndiye niliyekuwa nazifungua jioni kwa bisibisi ya cherehani ya mama. Nilianzia hapo.

Tuanze na barua ya Mwanza, maana ndani yake mna barua nyingine kumi.

SWALI: Dada Fundi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, niko Mwanza. PS4 ya kaka yangu iliungua umeme uliporudi kwa nguvu, ikabaki pedi, akanipa mimi. Nikibonyeza kile kitufe cha katikati taa inawaka nyeupe, inafifia na kuwaka pole pole, halafu inazima. Kwenye simu nimewasha Bluetooth, naona spika ya jirani, naona saa ya mwenzangu wa chumbani, pedi siioni. Fundi wa hapa kaniambia pedi nayo iliungua pamoja na mashine. Niitupe?

JIBU: Marahaba. Usiitupe, na huyo fundi msalimie.

Pedi yako ni nzima, tena ni mwaminifu kupita kiasi. Ukibonyeza kitufe cha PS, hicho unachokiita cha katikati, peke yake, haijitangazi kwa kila mtu. Inaiita mashine moja tu, ile PS4 ya kaka yako, kwa anwani iliyoihifadhi ndani. Ile taa kufifia na kuwaka taratibu ndiko kuita kwenyewe. Inaita, haiitikiwi, inachoka, inalala. Simu yako iko hapo hapo mezani lakini haijaitwa.

Sasa fanya hivi. Pedi ikiwa imezima, shika kitufe cha Share, kile chembamba kilicho kushoto kwa kibao cha kugusa. Usikiachie. Ukiwa umekishika, bonyeza na kitufe cha PS, uvishike vyote viwili kwa pamoja. Hesabu kimoyomoyo mpaka sita hivi. Taa itabadili mwendo, itapepesa haraka haraka, mbili mbili, kama indiketa ya daladala yenye balbu iliyoungua. Hapo achia. Pedi imemsahau bwana wake na inatafuta mwingine.

Kwenye simu ingia Mipangilio, kisha Bluetooth, kisha gusa pa kuoanisha kifaa kipya. Usitafute neno Sony wala PlayStation. Itakuja kwa jina la Wireless Controller, basi. Watu wengi hulipita jina hilo wakidhani ni kidude cha jirani. Liguse, kubali kuoanisha, na taa itaacha kupepesa itulie.

Kabla hujafungua gemu lolote, ijaribu hapo hapo kwenye kioo cha mbele cha simu. Bonyeza vile vishale vinne vya kushoto, utaona alama inaruka kutoka programu moja kwenda nyingine. Kisha pitisha kidole kwenye kibao cha kugusa cha katikati. Kwenye simu nyingi za Android kitatokea kishale kidogo kama cha kompyuta, kinakufuata kidole. Mimi hapa benchi natumia kishale hicho kupimia mambo mawili kwa mpigo. Kikitokea, najua muunganiko umekubali. Kisipotokea wakati vitufe vingine vyote vinafanya kazi, naanza kushuku pedi yenyewe, maana kopi nyingi nilizozifungua kibao chake si cha kugusa, ni kipande cha plastiki juu ya batani moja. Kwa nje zimeandikwa kila kitu, hata namba ya CUH-ZCT ya mgongoni wameinakili. Kibao hawakuinakili kazi yake.

Kuna kopi nyingine ambazo hata ushike Share mpaka vidole vife ganzi hazitaonekana kwenye simu. Zimetengenezwa zijue PS4 tu, tena baada ya kuunganishwa kwa waya kwanza. Kama yako ni ya hivyo, hakuna ufundi hapo. Ila ya kaka yako naamini ni halisi, kwa vile ulivyoieleza taa yake.

Ikigoma kabisa, igeuze mgongo. Karibu na skrubu ya upande wa L2, kile kitufe cha nyuma cha mkono wa kushoto, kuna tundu dogo la duara. Wengi wanadhani ni skrubu iliyodondoka. Ingiza pini au kijiti cha kutolea laini ya simu, utasikia kitu kinabonyea ndani, shikilia sekunde tano. Hapo umeirudisha ilivyotoka kiwandani. Ichaji kwanza, kisha rudia ile ya Share na PS. Betri yake ndani ni ya mAh 1000 tu, ndogo sana ukiilinganisha na ya simujanja za leo, na pedi iliyokaa kabatini tangu mashine iungue itakuwa kavu. Mara nyingi "haioani" maana yake ni "haina chaji".

Toleo la Android nalo liangalie. Kuanzia Android 10 pedi ya PS4 inatambuliwa vizuri. Chini ya hapo inaweza kuunganika lakini vitufe vikavurugika, unabonyeza X inapiga kama mraba, kila kampuni ya simu kwa namna yake. Wenye iPhone wanahitaji iOS 13 au zaidi, iliyotoka 2019. Hatua ni zile zile. Na wenye pedi ya PS5, badala ya Share ni kitufe cha Create, kiko mahali pale pale kushoto, na huko inatakiwa Android 12 au zaidi, na kwa iPhone ni iOS 14.5 au zaidi.

Jambo la mwisho kwako. Siku kaka yako akipata PS4 nyingine, pedi haitarudi kwake kwa kubonyeza PS, maana sasa bwana wake ni wewe. Atachomeka waya kati ya pedi na mashine, abonyeze PS, na simu yako itakuwa imeachwa. Pedi hii haishiki ndoa mbili.

SWALI: Mdogo wangu Dada Fundi, hujambo? Mimi ni mama wa watoto watatu, Morogoro. Wa kwanza kamaliza darasa la saba kwa alama nzuri, nikamnunulia pedi ya waya ya kuchezea mpira kwenye simu, muuzaji akanipa na kile kiwaya kifupi cha kuunganishia. Tumechomeka, kimya. Hata taa haiwaki. Nimerudisha dukani, ameichomeka kwenye simu yake ikafanya kazi, akasema simu yangu ndiyo mbovu. Simu ni mpya, ina miezi minne. Hela yangu imekwenda?

JIBU: Sijambo dada yangu, shikamoo. Hongera ya kijana. Muuzaji hajakudanganya na wewe hujakosea, na simu si mbovu.

Hicho kiwaya kifupi mafundi tunakiita OTG. Kazi yake ni kuibadilishia simu tabia. Simu ukiichomeka waya wa kawaida inakaa kama mgeni, inasubiri kupewa umeme. Ukiichomeka OTG inatakiwa ikae kama mwenyeji, itoe umeme yenyewe na kuhudumia kilichochomekwa. Nilishakata kimoja cha simu za zamani, zile za tundu dogo la micro, nikione kwa ndani. Pini ni tano, na siri yote ni kwamba ya nne imeunganishwa na ya tano. Simu ikiona pini hizo mbili zimeshikana inajua sasa ni zamu yake kuwa mwenyeji. Hakuna kingine ndani.

Sasa, simu za kampuni fulani, na jamii ya Oppo, Vivo na Realme ndizo ninazokutana nazo zaidi, hazikubali uenyeji huo mpaka uziruhusu. Ingia Mipangilio, pale juu kwenye kisanduku cha kutafuta andika OTG. Itakuletea swichi. Iwashe, kisha chomeka pedi. Taa itawaka. Na msipoitumia, baada ya kama dakika kumi inajizima yenyewe, kwa hiyo kesho mtoto akija kulia kwamba imekufa tena, usirudi dukani, rudi kwenye swichi.

Pedi za waya za aina hiyo huwa na kitufe kimoja katikati kimeandikwa Analog au Mode, na kitaa chekundu. Kitaa kikiwa kimezima, kijiti cha kushoto, kile cha kusukuma kwa dole gumba, kinafanya kazi ya vishale tu na mchezaji anakimbia kama amefungwa miguu. Mwambie akiwashe.

Lakini dada yangu, kuna jambo muuzaji hakukuuliza, na hapo ndipo namlaumu. Hakuuliza mtoto anacheza gemu gani. Pedi kuonwa na simu ni jambo moja, gemu kuikubali pedi ni jambo lingine. Call of Duty: Mobile inakubali baadhi ya pedi, ila lazima uende kwenye mipangilio yake uiwashe. Minecraft inaikubali. GTA San Andreas ya simu inaikubali. PUBG Mobile haina nafasi ya pedi, imetengenezwa kwa vidole. Unaweza kuwa na pedi nzima, waya mzima na simu nzima, ukafungua gemu, na vitufe visifanye chochote. Kwa gemu la mpira analolipenda kijana, mwambie kabla ya yote aingie kwenye mipangilio ya gemu lenyewe aangalie kama kuna sehemu ya vidhibiti inayotaja pedi. Kama haipo, pedi hiyo mnaweza kuifaidi kwenye mengine.

Vijana watamwambia ashushe programu za kupanga vitufe juu ya kioo, zile zinazofanya kila kitufe cha pedi kiguse sehemu fulani ya skrini. Zipo na zinafanya kazi. Ila kwa gemu za mtandaoni za kushindana na watu, wenye gemu wanaweza kuiona kama udanganyifu na kuifunga akaunti. Nina mteja wa Tandika aliyepoteza akaunti ya miaka mitatu hivyo, akaja kwangu nimrudishie. Hapo bisibisi haifiki.

SWALI: Dada Fundi, salaam kutoka Mombasa. Nilinunua padi ya Xbox One (mashine ya gemu ya Microsoft) ya mtumba, safi kabisa, haina hata mkwaruzo. Muuzaji alinihakikishia ina Bluetooth. Ninaishika kile kitufe cha juu, alama ya X inamweka haraka kama inavyotakiwa, lakini simu haioni chochote. Nimejaribu simu tatu za hapa nyumbani. Nimekutumia picha.

JIBU: Ahsante sana kwa picha, imenipunguzia nusu ya kazi. Wote wenye padi za Xbox za mtumba, chukueni zenu muangalie pamoja nasi.

Tazama plastiki inayokizunguka kile kitufe chenye alama ya X. Kwenye padi yako kitufe kimekaa juu ya kipande kinachong'aa, kimeungana na vitufe vya mabegani, LB na RB, kama ukanda mmoja uliopita juu ya kichwa. Hiyo haina Bluetooth. Zenye Bluetooth, kitufe kimekaa kwenye uso wa padi wenyewe, plastiki ile ile isiyong'aa inayozunguka vijiti. Ukishaijua tofauti hii hutaisahau, utaitambua hata ikiwa dirishani.

Ukitaka uhakika, fungua mfuniko wa betri, toa betri mbili, soma namba iliyo chini yake. 1537 ni ya kwanza kabisa, ya 2013. 1697 ilifuata, imeongezwa tundu la vipokea sauti. Zote mbili hazina Bluetooth. 1708 ya 2016 ndiyo iliyoanza kuwa nayo, na 1914 ya Xbox Series pia inayo. Namba iko mahali ambapo muuzaji wa mtumba hapatazami na mnunuzi haoni haja, kwa hiyo wote wawili wanaapa kwa nia njema.

Mbona basi inamweka? Kwa sababu inatafuta kweli, ila inatafuta kwa redio ya Xbox yenyewe, lugha ambayo simu haiisikii. Simu tatu au thelathini ni sawa tu.

Hujapoteza kitu. Tafuta waya wa OTG na waya wa micro wa kawaida, uiunganishe kwa waya. Simu nyingi za Android zitaipokea bila maneno, na kwa waya utakuwa unacheza bila kuchelewa hata kidogo. Ila waya uwe wa data. Waya kamili una nyaya nne ndani, mbili za umeme na mbili za kupeleka taarifa. Za bei ya chini huwekewa mbili za umeme tu, kwa hiyo padi inawaka na simu haiioni, na wewe unarudi kuniandikia. Upime hivi: uchomeke kati ya simu na kompyuta. Kama kompyuta haikuoneshi simu hata baada ya kuruhusu uhamishaji wa faili kwenye simu, waya huo ni wa chaji, mpe mwenye tochi.

Kwa mwenye padi ya Xbox 360 isiyo na waya aliyeandika kutoka Voi: pole. Ile nayo haina Bluetooth, na hata waya wake wa kuchajia haubebi taarifa. Ile 360 ya waya kabisa ndiyo inayofanya kazi kwa OTG.

SWALI: Assalaam alaykum dada. Niko Unguja, nacheza gemu la mpira kwenye simu, kwa programu ya PPSSPP na pedi ya PS4. Mambo mawili yananiudhi. Kwanza nikipiga mpira, sauti ya teke inakuja mpira ukishafika kwa kipa. Pili, kijiti cha kulia na L2 na R2 havifanyi kazi kabisa, wakati kwenye PS4 ya binamu yangu vinafanya kazi. Natumia vipokea sauti vya Bluetooth na simu ina nguvu.

JIBU: Wa alaykum salaam. Umeshajijibu la kwanza bila kujua, kwenye sentensi yako ya mwisho.

Pedi haichelewi. Kinachochelewa ni vipokea sauti. Simu inaifunga sauti vifurushi vifurushi, inavituma hewani, na vile vya masikioni vinavifungua na kuvikusanya kabla ya kuvitoa. Ukiwa unasikiliza taarabu hutajua, maana taarabu nzima imechelewa pamoja. Kwenye gemu macho yako yanaona teke na masikio yanalingoja, na kungoja huko kunaweza kufika sehemu ya tano ya sekunde. Jaribu hivi leo usiku: zima vile vya Bluetooth, tumia spika ya simu au vya waya. Teke litasikika pale pale mguu unapogusa mpira. Mimi nilifanya jaribio hilo mbele ya mteja aliyekuja kubadilishiwa vijiti vya pedi kwa sababu hiyo hiyo. Aliondoka na vijiti vyake na hela yake.

Kama pedi yenyewe ndiyo inakwama, mchezaji anaendelea kukimbia hata ukiachia kijiti, hapo tazama Wi-Fi. Bluetooth iko kwenye masafa ya gigahetzi 2.4, na Wi-Fi ya kawaida nayo ipo hapo hapo, wanasukumana mlango mmoja. Kama modemu yenu ina masafa ya 5, ihamishie simu huko. Au izime Wi-Fi tu, PPSSPP haihitaji mtandao kucheza peke yako.

La pili lina historia ndani yake. PPSSPP inaiga PSP, ile mashine ya mkononi ya Sony, na PSP ilikuwa na kijiti kimoja tu na vitufe viwili tu vya juu, L na R. Hapakuwa na kijiti cha kulia wala L2 na R2. Gemu lililotengenezwa kwa mashine hiyo halijui kwamba vitu hivyo vipo duniani. Hata ukiwekewa timu za msimu huu na jezi mpya, na najua mnazo, ndani ni PSP ile ile.

Unachoweza kufanya ni kuvipa kazi za vitufe vingine. Ingia mipangilio ya PPSSPP, sehemu ya vidhibiti, kwenye kupanga vitufe. Utaona orodha ya vitufe vya PSP, kila kimoja kina alama ya kujumlisha pembeni. Gusa ile ya R, kisha bonyeza R2 kwenye pedi. Sasa R1 na R2 za pedi zote zinakimbiza mchezaji, na kidole chako kitashukuru, maana R2 ya PS4 ni laini kuliko R1. Kijiti cha kulia unaweza kukipa vishale vinne. Usifute kilichopo, ongeza tu. Mdogo wangu mmoja alifuta chote, akajikuta hawezi hata kutoka kwenye menyu kwa pedi.

MAREKEBISHO: Mwezi wa tatu niliandika kwamba pedi ikiwa kwenye waya wa OTG hakuna shida ya chaji. Msomaji wa Dodoma kanikumbusha kwamba simu yake ilikufa katikati ya mechi. Ana haki. Pedi ya PS4 ikichomekwa inachaji, na ikichaji kwa OTG inakunywa betri ya simu yako. Jumapili iliyopita nilicheza na mpwa wangu hivyo, simu ikawa ya moto mgongoni na asilimia zinashuka macho yakiona. Ukitumia waya, ijaze pedi kwanza kwenye chaja ya ukutani. Nilipaswa kulisema tangu mwanzo.

SWALI: Dada Fundi, pedi yangu imeunganika vizuri, lakini kwenye simu alama inakwenda kushoto yenyewe hata sijaigusa. Ni virusi? Kahama.

JIBU: Si virusi. Ni kijiti cha kushoto kimelika. Chini yake kuna visahani viwili vyenye utando wa kaboni, kimoja cha kulia-kushoto na kingine cha juu-chini, na kidole cha chuma kinachosugua juu yake kila unapokisukuma. Utando ukichubuka au vumbi likiingia, pedi inasoma kwamba unasukuma. Puliza hewa kuzunguka kijiti, kisha tone la spiriti safi ya kusafishia vifaa, kizungushe mara hamsini, kiache kikauke kabla ya kuwasha. Ikirudi baada ya wiki, ni kubadilisha, na huko ni kuchomoa kwa lehemu miguu kumi na minne kwa kila kijiti. Usianze kujifunzia lehemu hapo.

SWALI: Habari dada. Pedi ya PS3 je? Nipo Arusha.

JIBU: Nzuri. Ya PS3 ina Bluetooth lakini ina ukaidi wake. Haijitangazi hewani kabisa. Anwani ya bwana wake huandikwa ndani yake kupitia waya, PS3 yenyewe ndiyo inayoandika, na simu ya kawaida haina uwezo huo mpaka uifungue mfumo wake, jambo ambalo sikushauri kwa ajili ya gemu. Kwa OTG kuna simu zinazoipokea ukishabonyeza PS, na kuna zisizotaka. Jaribu, halikugharimu kitu. Waya wake ni ule wa zamani wa mini, kichwa kinene, uliokuwa unatumika kwenye kamera. Kama umeupoteza, ninao mmoja kwenye droo, lakini siuuzi.